Parafujo Ukutani: Jinsi ya Kuchagua Plagi na Biti Zifaazo



Nyumba ya matofali na ghala lenye mlango wa mbao ni mali kubwa, na watu wengi huweka akiba miaka mingi ili wapate kuvijenga. Lakini kuta peke yake hazitoshi. Mlango wataka bawaba na komeo. Maji ya mvua yataka mfereji chini ya bati. Dawa za mimea na za mifugo zataka rafu ya juu, mahali mkono wa mtoto usipofika. Vitu hivi vyote hushikwa kwa parafujo, ambazo wengine huziita skrubu. Parafujo ikilegea, komeo hung'oka na ghala huwa wazi kwa mwivi. Mfereji huanguka usiku wa mvua ya kwanza. Chupa ya sumu hufika sakafuni penye watoto. Parafujo moja hununuliwa kwa fedha kidogo, lakini gunia la mahindi lililoibwa halirudi kwa fedha kidogo.

Somo hili lahusu mambo mawili ambayo watu wengi hawayaangalii: plagi, yaani kile kidude kinachotiwa katika tundu la ukuta ili kishike parafujo; na biti, yaani ule msumari wa keekee unaolitoboa tundu lenyewe. Ukivijua viwili hivi, pamoja na tabia ya ukuta wako, kazi yako itadumu.

1. Kwa nini ukuta hukataa parafujo

Ukitia parafujo katika mti, nyuzi za mti husukumwa kando, kisha hurudi na kuzibana kingo za parafujo. Ndiyo sababu mti hushika. Tofali, jiwe na saruji hazina nyuzi. Ukizilazimisha kwa parafujo, husagika zikawa unga, na parafujo hukaa katika tundu pana lililojaa vumbi. Leo utaona imeshika, kesho utaivuta kwa vidole viwili.

Kwa hiyo hapana budi kutia katikati kitu kilaini kuliko tofali na chenye kubanika. Parafujo ikiingia ndani yake, kitu hicho hutanuka na kuzikaza kuta za tundu pande zote. Nguvu ya plagi yatoka katika kubana huku. Tundu likiwa pana mno, plagi haina cha kubana. Parafujo ikiwa nyembamba mno, plagi haitanuki. Shika sana maneno haya mawili, maana makosa karibu yote ya kazi hii yamo ndani yake.

2. Asili ya plagi

Zamani maseremala walichimba tundu kubwa ukutani kwa tindo, wakachonga kigingi cha mti mkavu, wakakipigilia ndani, kisha wakatia parafujo katika kigingi. Kazi hii yafaa hata leo mahali pasipo na duka, lakini ina taabu tatu. Tundu kubwa huvunja lipu. Kigingi kilichokatwa katika mti mbichi hukauka, hupungua na kulegea. Tena mchwa hukila.

Mwaka 1911 Mwingereza aitwaye John Joseph Rawlings alibuni plagi ndogo ya nyuzi za juti zilizogandishwa pamoja, yenye kuingia katika tundu dogo. Kutokana na jina lake lilitungwa jina Rawlplug, ambalo mafundi wengi hulitumia kwa plagi ya namna yoyote. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer alibuni plagi ya nailoni yenye meno, nayo ndiyo mfano wa plagi nyingi zinazouzwa leo. Nailoni haiozi kwa unyevu wala haipungui kwa ukavu kama mti.

3. Ujue ukuta wako kwanza

Usinunue kitu kabla hujaujua ukuta. Toboa tundu dogo mahali pasipoonekana, ukaangalie vumbi litokalo. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Vumbi la kijivu ni saruji. Unga mweupe mwororo ni chokaa au lipu tu, nawe hujafika katika ukuta wenyewe. Udongo usiokuwa mgumu ni tofali bichi au ukuta wa miti na udongo. Keekee ikizama ghafula kana kwamba imeanguka, tofali lina uwazi ndani.

Tofali zima la kuchoma na zege hushika vizuri plagi ya kawaida ya nailoni. Toboa katika tofali lenyewe, usitoboe katika kiungo kilicho kati ya tofali na tofali, hasa kama kiungo hicho ni cha udongo au cha saruji chache.

Tofali la saruji lenye uwazi lataka plagi ya namna nyingine, ile ijikunjayo au ijifungayo fundo nyuma ya ubavu wa tofali parafujo inapokazwa. Plagi fupi ya kawaida haipati pa kubana.

Tofali bichi na ukuta wa udongo havishiki plagi yoyote ipasavyo. Usijidanganye kwa kutia plagi kubwa zaidi, kwa kuwa udongo utazidi kumomonyoka. Ikiwa ukuta ni wa miti na udongo, tafuta nguzo iliyomo ndani, utie parafujo katika nguzo hiyo bila plagi. Ikiwa ni wa matofali mabichi, toboa ukuta wote mpaka upande wa pili, upitishe bolti ndefu, utie bamba pana la chuma au la mbao kila upande, kisha ukaze nati. Na kama bado wajenga, fanya lililo bora zaidi: weka kipande cha mti mgumu mkavu, kilichopakwa dawa ya mchwa, kati ya matofali mahali utakapotaka mwimo wa mlango au rafu. Kazi hiyo ni ya dakika chache wakati wa kujenga, lakini huwa ya siku nzima baadaye.

4. Biti za namna tatu

Ukienda dukani, biti huonekana kama zimefanana, na muuzaji aweza kukupa yoyote. Angalia ncha zake.

Biti ya mti ina kincha kirefu chembamba katikati, kinachoishika mbao ili keekee isiteleze.

Biti ya chuma ina ncha iliyochongwa pande mbili kama paa la nyumba, na kingo zake ni kali.

Biti ya ukuta ina kipande kidogo cha madini magumu mno kilichobandikwa juu ya ncha, nacho ni kipana kidogo kuliko mwili wa biti. Ukikipitisha kidole taratibu utaona kingo zake ni butu. Haikati kama kisu. Yasaga na kuponda.

Kila moja ina kazi yake. Biti ya mti ikigusa tofali hupoteza makali mara moja. Biti ya ukuta katika mbao huchana nyuzi na kuacha tundu baya. Mtu mwenye biti moja ya ukuta iliyo safi ana mali kuliko mwenye kumi zilizokwisha ncha.

Kama huna keekee ya umeme, usikate tamaa. Keekee ya mkono yenye biti ya ukuta hutoboa tofali la kuchoma kwa subira. Iko pia njia ya tindo nyembamba ya mviringo: ipige kwa nyundo ndogo, na baada ya kila pigo uizungushe kidogo, ili isikwame na tundu liwe la duara. Usipige kwa hasira, maana tofali litapasuka.

5. Vipimo

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: biti iwe sawasawa na plagi. Plagi ya milimita 8 yataka biti ya milimita 8. Kanuni ya pili ni kwamba parafujo iwe nene kiasi cha kuitanua plagi. Kwa plagi nyingi za nailoni, mwongozo ni huu:

Plagi ya milimita 5: biti ya 5, parafujo yenye unene wa 3 hadi 4.
Plagi ya milimita 6: biti ya 6, parafujo ya 4 hadi 5.
Plagi ya milimita 8: biti ya 8, parafujo ya 5 hadi 6.
Plagi ya milimita 10: biti ya 10, parafujo ya 6 hadi 8.

Mfuko wa plagi ukiwa na vipimo vilivyoandikwa, fuata hivyo, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana. Wala usichague kwa rangi peke yake. Plagi nyekundu ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na nyekundu ya mwingine. Macho yaone rangi, lakini rula iamue.

Maduka mengine huuza parafujo kwa inchi na namba. Inchi moja ni karibu milimita 25. Namba huonyesha unene: namba 8 ni kupita kidogo milimita 4, na namba 10 ni karibu milimita 5.

Kanuni ya tatu ni ya urefu. Parafujo ipite katika kitu unachokifunga, ipite katika plagi yote, kisha itokeze mbele kidogo, kadiri ya unene wake yenyewe. Tufanye hesabu pamoja. Wataka kufunga ubao wenye unene wa milimita 20. Plagi yako ni ya milimita 8, urefu wake 40. Parafujo ni ya unene wa 5. Basi 20 na 40 na 5 ni 65. Nunua parafujo ya milimita 65 au inayoizidi kidogo, kama 70. Katika hiyo ya 70, milimita 50 zitaingia ukutani. Kwa hiyo tundu liwe na kina cha 55, ili ncha isigonge mwisho wa tundu kabla ubao haujakaza.

Kuna jambo moja zaidi. Lipu si ukuta. Ikiwa lipu ni nene milimita 15 na mzigo ni mzito, isukume plagi mpaka ipite lipu na kukaa yote katika tofali. Ongeza hizo 15 katika urefu wa parafujo na katika kina cha tundu. Plagi iliyokaa nusu katika lipu hung'oka na lipu yake, ikaacha shimo la kuaibisha.

Katika mti hapana haja ya plagi, lakini toboa kwanza tundu dogo la kuongoza, lisilofikia unene wa parafujo. Kwa parafujo ya milimita 5, biti ya 3 yatosha katika mti laini, na ya 3 na nusu katika mti mgumu kama mvule. Paka parafujo sabuni kavu, nayo itaingia bila kukatika.

6. Namna ya kutoboa

Weka alama kwa penseli. Funga kipande cha utepe au uzi juu ya biti mahali kina kinapokoma, ili usitoboe kupita kiasi. Anza polepole mpaka biti ipate kikao chake, kisha ongeza mwendo. Ishike keekee iwe mraba na ukuta. Ukiitikisa huku na huku tundu litapanuka mdomoni.

Keekee nyingi za umeme zina mwendo wa kugonga. Utumie katika zege na jiwe. Katika tofali laini au lenye uwazi uuzime, zunguka tu, kwa sababu kugonga hupasua ubavu wa tofali kwa ndani, nawe huoni.

Usitoboe karibu na pembe ya ukuta au ukingo wa dirisha. Acha angalau mara mbili ya kina cha tundu. Plagi husukuma kila upande, na tofali la pembeni halina cha kuliegemeza.

Baada ya kutoboa, toa vumbi lote. Tumia pampu ya baiskeli au mrija, lakini geuza uso na ufumbe macho unapopuliza. Vumbi lililobaki huifanya plagi iteleze. Kisha ingiza plagi kwa kidole na uimalizie kwa mapigo mepesi ya nyundo. Ikiingia yenyewe bila kusukumwa, tundu ni pana. Ikijikunja mdomoni, tundu ni jembamba au halina kina. Kaza parafujo kwa bisibisi inayoenea vema katika kichwa chake, nawe utasikia mkono ukizidi kuwa mzito. Hapo koma. Plagi ikizunguka pamoja na parafujo, usitie njiti za kiberiti kama wafanyavyo wengi. Toa vyote, toboa kwa biti kubwa zaidi utie plagi inayolingana nayo. Au ziba tundu kwa saruji, utoboe jingine mbali kidogo.

7. Mizigo mitatu ya shambani

Rafu ya dawa. Mkono wa chuma wa rafu, ule uliopindwa kama pembe, hutaka kuanguka mbele. Parafujo ya juu huvutwa nje, na sehemu ya chini husukumwa ndani ya ukuta. Tuseme rafu ina upana wa sentimita 30 na vitu vya kilo 20 vimekaa katikati yake, yaani sentimita 15 kutoka ukutani. Ikiwa mkono wa chuma una urefu wa sentimita 15 ukutani, mvuto wa juu ni karibu kilo 20. Ukiwa na urefu wa sentimita 30, mvuto ni karibu kilo 10 tu. Vitu hivyo vikisogezwa mpaka ukingo wa mbele, mvuto huwa maradufu. Kwa hiyo chagua mkono wenye upande mrefu ukutani, tia plagi nzuri zaidi juu, na uweke vizito karibu na ukuta. Pigilia fito mbele ya rafu ili chupa zisiteleze, na dawa za sumu zifungiwe ndani ya sanduku lenye kufuli.

Mfereji wa mvua. Mvua ya milimita 1 juu ya bati la mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 4, likipata mvua ya milimita 25, hutoa lita 600. Ni maji mengi kwa nyumba inayochota mbali. Lakini mfereji wenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 10, ukijaa, hubeba kilo 10 kwa kila mita. Mita 6 ni kilo 60, mbali na majani na matope. Usiutundike kwa vishikio vitatu. Weka kimoja kwa kila mita, na kimoja kila mwisho, uwe na mteremko kidogo kuelekea tangi. Safisha majani kabla ya masika, maana mfereji ulioziba hujaa na kukaa na uzito wake. Tumia parafujo zilizopakwa zinki, ili kutu isizile.

Komeo la ghala. Katika ghala moja nililolizuru, mlango ulikuwa wa mbao ngumu na kufuli lilikuwa kubwa, la bei. Lakini kikonyo cha komeo kilikuwa kimefungwa katika tofali kwa parafujo fupi mbili, ndani ya vipande vya tambara. Mwivi hakuligusa kufuli. Alivuta kwa upande wa jembe, parafujo zikatoka pamoja na unga wa tofali, naye mwenye ghala, mama mjane mwenye watoto, akapoteza chakula cha miezi. Mlango una nguvu ya mahali pake palipo dhaifu. Upande wa ukuta tia plagi za milimita 10 zenye parafujo ndefu, mbali na ukingo wa tofali, au mwimo wa mti uliofungwa kwa plagi nyingi. Upande wa mlango tumia bolti zilizopita mbao, nati ziwe ndani. Tena chagua komeo ambalo likifungwa hufunika vichwa vya parafujo, kwa kuwa mwivi naye ana bisibisi.

8. Hatari za kuangalia

Vaa miwani, maana chembe ya tofali yaweza kupofusha. Usitoboe juu au chini ya swichi ya umeme, wala sawa na bomba la maji, kwa sababu waya na mabomba hupita humo. Na kama nyumba ni ya zamani na ina mabamba ya asbesto katika paa, dari au kuta, usiyatoboe kamwe. Vumbi lake likivutwa ndani huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi.

9. Mazoezi

Kabla ya kuugusa ukuta wako, chukua tofali moja lililobaki katika ujenzi. Toboa matundu mawili: moja kwa biti iliyo sawa na plagi, jingine kwa biti iliyozidi kwa milimita 2. Tia plagi na parafujo katika yote mawili, kisha vuta kila moja kwa koleo. Mkono wako utakufundisha kuliko karatasi hii. Kisha jibu maswali haya ukiwa na watu wa nyumbani mwako:

Ghala letu ni la tofali la namna gani, na vumbi lake ni rangi gani?
Ikiwa ubao una unene wa milimita 25, plagi ina urefu wa 50, na parafujo ina unene wa 6, parafujo iwe na urefu gani?
Ni parafujo ipi ya rafu yetu inayovutwa nje, na ilishikwa na nini?

Jibu la swali la pili ni milimita 81 au zaidi kidogo. Majibu ya mengine yamo katika kuta zako. Nenda ukayatazame kabla mvua haijanyesha.